Lalamiko la Tatu la Njia ya Saba

Kituo cha ushuru cha Kër Ndoob kina njia kumi na mbili za kupitia magari, na dereva mwenye akili zake, akifika pale saa moja asubuhi, angechagua ile yenye foleni fupi. Lakini akili na barabara ya Dakar hazijawahi kukaa nyumba moja. Kila asubuhi njia ya tano ilikuwa na magari matatu, ya sita manne, na ya saba, iliyokuwa ya Kumba Guèye, magari kumi na tisa yamejipanga kama watu wanaongoja dawa ya bure. Wenyewe walipiga honi na kulalamika kwamba foleni haiendi. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini asihamie njia ya tano, anakutazama kama umemwambia abadili dini.

Foleni haikwenda kwa sababu Kumba alikuwa na swali lake. Kampuni ya barabara ilikuwa imebandika ndani ya kila kibanda karatasi yenye maagizo matatu: salimia, pokea ushuru, mtakie safari njema. Sekunde kumi na mbili, kizuizi kinainuka, gari linakwenda. Kumba aliyafuata maagizo yote matatu, ila kati ya la kwanza na la pili alichomeka la kwake.

"Jina la ukoo?"

Dereva akijibu Fall, au Mbaye, au Sarr, basi alipewa risiti yake akaenda zake kwa amani. Akijibu Seck, ndipo mambo yalipoanza.

Maana Guèye na Seck ni watani, tangu mababu wa mababu, na huku kwetu utani una nguvu kuliko kibao chochote kilichosimikwa kando ya barabara. Hatua mia mbili baada ya kituo kuna kibao chenye picha ya ng'ombe, cha kuonya kwamba mifugo huvuka, na hakuna mtu wa kabila la Waserer aliyewahi kukipita akiwa na mtani wake Mfulani, mfugaji, garini bila kumwambia, "Tazama, wamemtundika babu yako." Mfulani hukasirika? Thubutu. Angekasirika kama asingeambiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa akina Seck na Kumba. Walipita Rufisque wakiwa na usingizi, wakafika njia ya saba wakatukanwa vizuri, wakaingia Dakar wamechangamka.

Kumba mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mnene wa kiasi, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye gari la nne. Mumewe alikuwa Uhispania na alituma salamu nyingi kuliko pesa. Mama yake na watoto wawili walikula kutokana na kibanda kile, na kwa hakika walikula kutokana na ardhi ileile ya zamani, kwa sababu kabla ya barabara pale palikuwa shamba la baba yake. Marehemu alikuwa akiwaonyesha wageni kwa fimbo: njia ya tano ndipo zilipokuwa nyanya, na kibanda cha binti yangu kimekaa juu ya bamia. Mama naye alikataa kwa miaka miwili kuacha kuvuka lami kwa miguu kwenda kwa dada yake upande wa pili. Walisimika kibao chenye mtu anayetembea, amekatwa kwa mstari mwekundu. Mama akakikagua kwa makini. "Huyo amevaa suruali," alisema. "Waliokatazwa ni wanaume." Mpaka walipojenga daraja la waenda kwa miguu, ndipo akaanza kupita juu, tena kwa sababu ya upepo tu.

Kati ya akina Seck wote waliopita njia ya saba, kipenzi cha Kumba alikuwa Mzee Gora. Alikuwa na gari la mizigo kuukuu, Peugeot iliyokuwa nyeupe zamani, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti na maturubai ya shughuli: leo ubatizo Thiès, kesho harusi Mbour, keshokutwa msiba Pikine. Kwa miaka sita alipita mara mbili kwa siku, viti mia mbili vya plastiki vikitikisika nyuma.

"Seck mla wali!" Kumba alimwita hata kabla hajasimama. "Leo umekula msiba wa nani?"

"Sijala, nimepeleka viti tu."

"Viti! Uongo. Unapeleka viti ili ujue sinia linawekwa wapi."

"Sisi Seck tunakula tukialikwa. Nyinyi Guèye mnanusa moshi mkiwa Rufisque, mnafika Thiès kabla vitunguu havijaiva. Guèye anaingia jikoni kuuliza kama kuna chumvi, anatoka na nyama mfukoni."

"Kelele, mtumwa wangu. Leta hela ya ushuru, au umeinunulia samaki?"

Hapo mzee alikuwa akitoa hela polepole sana, huku honi zikilia nyuma yake, na anaweka jiwe lake la mwisho, lile ambalo Kumba alilingoja kila asubuhi ijapokuwa alilijua kwa moyo.

"Guèye hata akifa," anasema, "mkono wake wa kulia unabaki kwenye sinia."

Kumba alicheka mpaka akakosea chenji. Aliwahi kumwuliza alikolitoa neno lile, maana akina Seck wengine hawakuwa nalo. Mzee akasema, "Tumezaliwa nalo sisi." Kuna kitu kingine Kumba alikigundua na hakukitilia maanani: matusi ya mzee yule yalikuwa ya jikoni mno. Alitukana kama mwanamke aliyesimama na mwiko mkononi.

Mdomo huponza kichwa, na wa Kumba haukubaki nyuma. Lalamiko la kwanza lililetwa na bwana mwenye tai aliyekosa ndege kwa sababu, aliandika, ya wali wa watu wengine. La pili lilikuwa baya zaidi. Siku hiyo Kumba hakuuliza jina. Alimtazama mtu usoni akaamini kabisa kwamba ni Seck, akamwambia afute mafuta ndevuni, majirani wanalala njaa. Yule bwana hakuwa Seck. Alikuwa mkubwa wa wizara moja, na ndevuni kulikuwa na mafuta kweli.

Bwana Sagna, msimamizi wa kituo, akamwita ofisini. Alikuwa Mjola kutoka kusini, mpole, mwenye saa moja mkononi na nyingine ukutani, na mbili hizo hazikuwahi kukubaliana.

"Madamu Guèye, yako mawili kitabuni," alisema. "Likiingia la tatu, unatoka kibandani. Si mimi, ni kanuni. Na mwisho wa mwezi njia mbili zinapewa mashine. Atakayetoka sasa hana mahali pa kurudi, unanielewa?"

"Bosi, ule ni utani tu. Wewe mwenyewe unajua."

"Mimi najua. Kitabu hakijui."

"We Sagna!" akadakia Mama Sène, karani wake, aliyekuwa akipanga mafaili kwenye kona. Mama Sène ni Mserer, na Waserer na Wajola ni watani wa kufa na kuzikana. "Tangu lini Mjola akasoma kitabu? Unakishika juu chini."

"Na wewe nyamaza, Mserer, kabla sijakurudisha kwa mama yako kwenye mtama." Kisha akamgeukia Kumba na kukaza uso upya. "Kama nilivyosema. Maagizo matatu. Basi."

Kumba alirudi kibandani akakaa juu ya bamia za baba yake, akawaza karo za watoto, akawaza mama, akaogopa. Kesho yake alifungua dirisha akiwa mtu mwingine.

"Habari za asubuhi, bwana. Asante, bwana. Safari njema."

Sekunde kumi na moja. Dereva wa kwanza akabaki na risiti mkononi. "Dada, unaumwa?"

"Safari njema."

Wa pili, Seck wa Bargny mwenye lori la kokoto, alijitaja mwenyewe bila kuulizwa. "Mimi Seck!" akasema, akajiweka sawa kitini kungoja. Alipotakiwa safari njema tu, alivua kofia. "Nani amefariki, dada? Poleni sana." Wa sita alimwachia limau na kumwambia alilambe na chumvi. Ilipofika saa tatu, habari ilikuwa imeenea mpaka vibanda vya kahawa vya Diamniadio kwamba Guèye wa njia ya saba amerogwa.

Mzee Gora alifika na viti vyake vya msiba wa Yoff. Alisimama, akainua kidevu, akangoja.

"Habari za asubuhi, bwana," alisema Kumba akitazama droo.

Mzee akageuka nyuma kuona ni nani anayeambiwa. "Guèye," alisema taratibu, "leo hukula?"

"Asante, bwana. Safari njema."

"Guèye hata akifa..." alianza mzee, akasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kizuizi kilikuwa kimeshainuka. Honi zikalia. Akaondoa gari.

Kumba alijisikia vibaya kupita siku alizotukanwa kweli. Alitaka kumwita. Lakini njaa ya watoto haina mtani, akajibana ulimi. Jioni mzee alirudi na viti. Habari za jioni, bwana, safari njema. Kesho yake hivyohivyo, asubuhi na jioni. Siku ya tatu hakuinua hata kidevu. Alichukua risiti, akavuka, akaegesha Peugeot kando chini ya kibao kinachokataza kuegesha, akaenda kwa miguu mpaka ofisini.

Baada ya nusu saa Kumba akaitwa. Bwana Sagna alikuwa ameketi mbele ya kitabu cha malalamiko, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Mzee Gora alikuwa kwenye benchi, kofia magotini.

"Limeingia la tatu," alisema Bwana Sagna.

Kumba akakisogelea kitabu. "Bosi, nimefanya nini? Siku tatu nzima sijafungua mdomo!"

"Ndiyo lenyewe. Mama Sène, msomee."

Mama Sène akavaa miwani. "'Mimi mlalamikaji nimepita njia ya saba mara tano, na mara zote tano mtoza ushuru amenitendea kwa heshima, bila mimi kumkosea chochote. Ameniita bwana. Naomba hatua zichukuliwe.'" Akavua miwani. "Nimeandika kama alivyonitamkia, Kifaransa ni changu."

"Baba!" Kumba alimgeukia mzee, machozi yamemlenga. "Unanifukuzisha kazi! Wewe, Seck wangu!"

Mzee akashtuka. "Kazi gani? Mimi nilitaka wakwambie urudi kama zamani. Sikuambiwa habari ya kazi."

"Kuna na jambo lingine," alisema Bwana Sagna, akikuna shingo. "Kitabu kinataka kitambulisho cha mlalamikaji. Ndiyo maana nimekuita na yeye akiwapo." Akasukuma kitambulisho mezani.

Kumba alikisoma. Akakigeuza, akakisoma tena, kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na habari nzuri zaidi. Picha ilikuwa ya Mzee Gora. Jina la ukoo lilikuwa Guèye.

  Kumba alikuwa akihesabu moyoni: miaka sita, mara mbili kwa siku, amemwita mzee wa ukoo wake mwenyewe mlafi, mtumwa, mla misiba. Kwa jina, ni sawa na baba yake mdogo. Mtani humtukana mtani. Anayemtukana mzee wa damu yake anaitwa jina lingine.

"Baba," alisema, na sauti ile ya kufika gari la nne haikufika hata mezani. "Astaghfirullahi. Mbona uliniacha nikutukane?"

Mzee Gora aliizungusha kofia.

"Mke wangu ndiye alikuwa Seck," alisema. "Maty Seck. Miaka thelathini na nne, binti yangu, kila nilichoweka mdomoni nilitukaniwa. Naingia jikoni kuuliza chumvi, anapiga kelele majirani wasikie: Guèye huyo, ficheni nyama! Na mimi nikipeleka viti msibani, nikirudi namwuliza yeye, Seck, leo umekula msiba wa nani? Tulilala tukicheka. Basi alipofariki, watu wakawa wananiheshimu. Watoto wananiheshimu, wakwe wananiheshimu. Shikamoo baba, karibu baba, pole baba. Nyumba nzima imejaa adabu. Baada ya arobaini nikarudi kazini, nikapita kwako, mara ya kwanza. Ukaniuliza jina la ukoo. Sikupanga. Ulimi ulinitangulia, nikasema Seck."

Akairudisha kofia magotini.

"Ukaniambia, Seck mla wali, leo umekula msiba wa nani. Maneno yangu mwenyewe, yale niliyokuwa nikimwambia yeye. Na mimi nikakujibu kama alivyokuwa akinijibu. Yote niliyokuwa nakutukana, binti yangu, si yangu. Ni ya Maty. Nisingekuwa nayasema mara mbili kwa siku, ningekuwa nimeshayasahau."

"Na lile la mkono na sinia?" Kumba aliuliza.

"Hilo alinipa hospitali. Alikuwa hawezi kula, nikaumalizia uji wake usimwagwe. Akafumbua jicho moja akanitazama na kijiko. Halafu akasema hilo. Hakusema mengi tena baada ya pale."

Mama Sène akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa. Bwana Sagna alitazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, wala hakuna iliyomsaidia.

"Mzee, lifute lalamiko," alisema.

"Kalamu ya kampuni haifutiki," alisema Mama Sène. "Lakini we Mjola, soma basi kanuni mpaka mwisho kwa mara moja maishani. Lalamiko linalotatuliwa papo hapo, mlalamikaji akaridhika na akatia sahihi, halihesabiwi."

Bwana Sagna akasoma, kidole kwenye mstari, akakuta ni kweli. Uso ukamchangamka. "Haya! Amelalamika kwamba hakutukanwa. Madamu Guèye, mtukane, atie sahihi, turudi kazini."

"Siwezi."

"Huwezi? Wewe?"

"Nilikuwa namtukana Seck. Huyu ni Guèye, bosi, ni baba yangu huyu. Nikimtukana na sasa nimeshajua, marehemu baba atatoka kaburini anichape na ile fimbo yake." Alikuwa akilia sasa, waziwazi. "Hata kama nafukuzwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Anasema kweli. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilipaswa kukaa kimya na kitambulisho changu." Akainuka, akavaa kofia. Alionekana mfupi kuliko alivyokuwa garini.

Kumba alimtazama akielekea mlangoni. Akajua kwamba akitoka vile, atakwenda njia ya tano, ataambiwa safari njema kwa sekunde kumi na mbili mpaka afe, na viti vyake nyuma. Moyo ukamuuma. Na hapo akili ikamjia: anayekosekana humu ndani si mtu wa kumtukana Seck. Seck yupo makaburini. Anayekosekana ni Seck mwenyewe, wa kumtukana Guèye.

Akajifuta uso kwa kiganja. Akaweka mikono kiunoni.

"Guèye!" aliita, na safari hii ilisikika mpaka njia ya tatu. "Unakwenda wapi? Umenusa kitu?"

Mzee akasimama, mgongo kwao.

"Geuka nikuone mifuko hiyo. Mtu anaingia ofisini kuuliza chumvi, anataka kuondoka na nyama! Mama Sène, hesabu mafaili yako, huyu ni Guèye. Nyinyi ukoo gani? Mnaanza na sinia, mnamaliza na mkeka uliokaliwa. Miaka thelathini na nne nimekupikia na hujawahi kusema umeshiba." Sauti ikataka kumkatika, akaizuia. "Guèye hata akifa, mkono wake wa kulia unabaki kwenye sinia."

Mzee Gora aligeuka. Alikuwa amefumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na mwanzoni hawakujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Akashika ukingo wa meza.

"Rudia," alisema.

Kumba akarudia.

Kisha mzee akafumbua macho, akavuta pumzi, akamjibu, kama Guèye anavyomjibu Seck. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka sita. "Na wewe, Seck," alisema, "leo umekula msiba wa nani?"

"Wangu mwenyewe," alisema Kumba, "na hukuniachia hata ukoko."

Mzee akatia sahihi. Bwana Sagna akagonga mhuri, akaugonga mara mbili ili awe na hakika.

Wiki iliyofuata, hatua mia tatu kabla ya kituo, mafundi walisimika kibao kipya, cha bluu kama vingine, chenye maandishi meupe: NJIA YA 7, WENYE HARAKA WASIPITE. Foleni ikarefuka kwa magari sita. Akina Seck walirudishiwa matusi yao, na walifurahi, ila walilalamika kwamba kila asubuhi kuna Peugeot moja mbele inayochukua dakika nne, na kwamba Guèye wao, ikifika Peugeot ile, anageuka Seck na kuusema vibaya ukoo wake mwenyewe bila aibu. Kumba aliwajibu wapeleke kitabuni.

Siku ya kwanza ya kibao kile, Mzee Gora alifika na viti vya harusi ya Mbour. Kumba alifungua dirisha, akasalimia kama karatasi inavyoagiza, kisha akauliza swali lake.

"Jina la ukoo?"

"Guèye!" alisema mzee, kwa sauti ya kusikika mpaka njia ya kumi na mbili, na akazima injini.